Kufunga gadi ya tangi la mafuta: mwongozo kamili kwa wenye magari ya porini Mombasa

Ukiiacha lami baada ya Mariakani, au ukishika njia za ndani za Kinango, kuna vitu vitatu vinavyotafuta tangi lako: mawe yenye kingo kali, visiki vya miti iliyokatwa juu kidogo ya ardhi, na mito mikavu ambayo ukingo wake wa pili huwa mrefu kuliko dereva alivyokisia. Karibu na bahari lipo la nne, jiwe la matumbawe lililofichwa na mchanga. Gadi ya tangi ni bamba nene linalofungwa chini ya tangi ili gari likikalia jiwe, uzito ushuke kwenye bamba na kuishia kwenye chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, tangi lisiguswe.

Hayo wauzaji watakwambia. Wasichokwambia ni kwamba huku pwani gadi iliyofungwa vibaya huua tangi hata kama gari halijawahi kugusa jiwe. Bamba hugeuka sinia la kushikilia mchanga wenye unyevu wa chumvi, mchanga unakaa umelilalia tangi miezi na miezi, na kutu inakula kutoka upande usiouona. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina swali lake la pembeni: maji yatatokea wapi, na hii kitu itafunguka mwakani?

Kwanza ingia chini uangalie

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla hujatoa pesa, egesha gari mahali tambarare, chukua tochi, ulale chini uangalie ulicho nacho. Magari mengi ya aina ya Prado na Hilux hutoka kiwandani na bati la kukinga tangi, lakini ni jembamba, limekusudiwa changarawe inayoruka, halikusudiwi kubeba gari. Gonga kwa kifundo cha kidole. Kama linalia kama debe, unajua.

Tazama mikwaruzo iko wapi. Kona ya mbele ya chini ikiwa imekwaruzwa, unagusa ukienda mbele. Ukingo wa nyuma ukiwa na alama, unagusa ukirudi nyuma au gari likishuka kwenye ukingo wa mto, na gadi yako lazima iwe imekunjwa juu pande zote mbili. Watu wengi hununua iliyokunjwa mbele tu, halafu siku ya kurudi nyuma kutoka kwenye matope ule ukingo wa nyuma unachimba ardhi mithili ya jembe.

Angalia pia tangi lenyewe ni la nini. La chuma hukwaruzika, hubonyea na kushika kutu. La plastiki halishiki kutu, lakini huvimba kidogo likijaa na likipata joto, na jiwe kali linaweza kulipasua. Ukiona unyevunyevu, harufu ya mafuta, au kutu inayobanduka kwa magamba, tengeneza tangi kwanza. Gadi haifungwi juu ya ugonjwa.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa magari yaliyotumika husahau. Gari likitoka Japani, huenda liliishi sehemu za theluji ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi. Linashuka bandarini Kilindini likiwa linang'aa juu huku bolti za chini zimekwisha kuoza. Magari ya namna hiyo yanahitaji subira zaidi kwenye hatua ya kufungua.

Kuchagua bamba

Chaguo ni mawili: chuma au alumini. Chuma cha milimita 4 kina uzito wa takriban kilo 31 kwa mita moja ya mraba. Cha milimita 3 ni kama kilo 24. Alumini ya milimita 6 ni kilo 16 hivi kwa eneo lilelile. Gadi ya tangi kwa kawaida haifiki mita nzima ya mraba, lakini hesabu hiyo inakuonyesha tofauti. Chuma huteleza vizuri juu ya jiwe na fundi yeyote wa Changamwe ataweza kukinyoosha au kukichomelea kikiharibika. Alumini ni nyepesi, ila ni laini, jiwe huing'ang'ania, na kuichomelea kunataka mashine na mkono ambao si kila gereji inao.

Maoni yangu: kwa gari linalofanya kazi kati ya Mombasa, Kwale na Tsavo, chukua chuma cha milimita 4 kilichochovywa kwenye zinki baada ya kukatwa na kutobolewa. Maneno "baada ya" ndiyo yenye thamani. Bati lililonunuliwa likiwa na zinki tayari, kisha likakatwa na kutobolewa, huwa uchi kwenye kila ukingo na kila tundu, na hapo ndipo kutu huanzia. Usikubali kuchomelea bati la zinki bila kusaga zinki kwanza mahali pa kuchomelea. Moshi wake humletea fundi homa na kutetemeka usiku wake.

Lile bati la vipele ambalo mafundi hupenda kwa sababu linapendeza, liache kwa ngazi za matingatinga. Vipele vikitazama chini vinashika mawe, vikitazama juu vinashika matope.

Ukinunua gadi iliyotengenezwa kiwandani, hakikisha ni ya mwaka na modeli yako hasa, na urefu wa gari lako pia, maana gari la milango miwili na la milango minne la jina moja huenda yasiwe na tangi la umbo moja. Ukitengenezewa na fundi, mpelekee kiolezo cha kadibodi ulichokikata ukiwa chini ya gari. Usimpe vipimo vya mdomo.

Vifaa

Jeki ya magurudumu na stendi nne imara. Soketi za 12, 14, 17 na 19, spana za ringi za saizi hizohizo, na spana ya kupimia mkazo. Brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, drili yenye ncha kali na mafuta ya kukatia, tupa, chaki, futi. Rangi ya zinki ya kopo. Raba ngumu ya unene wa milimita 5 hadi 10. Mtungi wa kuzimia moto wa unga, uwekwe karibu na mkono, usiachwe ndani ya gari lililo juu ya stendi.

Na donge la unga wa chapati. Utaiona kazi yake.

Hatua ya kwanza: mafuta na moto

Endesha gari mpaka mafuta yabaki robo au chini. Lita 80 za petroli ni karibu kilo 60, za dizeli ni kilo 67 hivi, na hutaki uzito huo ukuchezee juu ya kifua endapo itabidi kulegeza mikanda ya tangi. Ukilazimika kupunguza, tumia pampu ya mkono na debe la chuma lililowekwa ardhini. Usifyonze kwa mdomo hata tone. Petroli ikiteremka kwenye mapafu, hospitali haina muujiza.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unakaa kwenye shimo la gereji, unasubiri cheche. Kwa hiyo fanya kazi mahali penye upepo, nje ni bora kuliko ndani, na jiko la mama wa chai lisogezwe. Tangi tupu la petroli ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Yeyote anayetaka kuchomelea kitu kwenye chesi huku tangi liko palepale, hata akisema atalifunika kwa gunia bichi, mshukuru uondoe gari lako. Kazi ya kuchomelea ifanyike kwenye bamba likiwa mezani, mbali. Ikibidi kwenye chesi, tangi litoke kwanza na liondolewe eneo hilo. Grainda nayo ni moto, isikusahaulishe.

Toa waya wa hasi wa betri. Acha ekzosi ipoe kabisa. Kwa joto la Mombasa, anza alfajiri kabla hujawasha gari.

Hatua ya pili: kunyanyua

Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, nyanyua nyuma, kisha stendi ziwekwe chini ya chesi. Usiziweke chini ya tangi wala chini ya sakafu ya bodi. Uwanja ukiwa wa mchanga, kama zilivyo nyua nyingi za Kisauni na Likoni, kila stendi ikanyage kipande cha mbao nene, la sivyo mguu mmoja utazama polepole wakati uko chini. Lisukume gari kwa bega. Likitikisika, shusha uanze upya. Tofali la saruji si stendi; hupasuka bila onyo.

Hatua ya tatu: kufungua bolti za zamani

Hapa ndipo siku huisha. Bolti iliyokaa pwani miaka 10 haina kichwa tena, ina donge la kahawia lenye ukungu mweupe wa chumvi pembeni. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone pembe sita. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia siku ya kazi, rudia asubuhi. Tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe 12 itakula kichwa. Jaribu kukaza kidogo kwanza, robo ya robo ya mzunguko, ndipo ulegeze. Ikisogea, irudishe, ongeza mafuta, isogeze tena. Mwenye pupa huivunja.

Njia ya kawaida ya fundi kwa bolti sugu ni kuipasha moto. Hapa haipo. Uko kando ya tangi. Ikikatika, chaguo ni kuitoboa katikati kwa drili ya mwendo wa pole yenye mafuta ya kukatia, na kipande cha plaiwudi kikiwa kimewekwa kati ya drili na tangi, au kulitoa tangi lote.

Magari ya Kijapani mara nyingi hutumia bolti ya milimita 10 yenye uzi wa 1.25 (milimita kati ya jino na jino), wakati nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni uzi wa 1.5. Zinafanana machoni. Ile ya 1.5 itaingia mizunguko miwili, itakwama, na ukilazimisha umeshaharibu nati iliyochomelewa ndani ya chesi. Beba bolti ya zamani dukani ukalinganishe, uzi kwa uzi.

Hatua ya nne: kulijaribu bamba

Safisha tangi na eneo lote kwa brashi na maji matamu, likauke. Palipo na kutu ya juujuu kwenye chesi, sugua upake rangi ya zinki. Usisugue tangi kwa mashine ya umeme.

Sasa nyanyua bamba kwa jeki yenye mbao juu yake, taratibu, mpaka likaribie mahali pake. Tumia macho zaidi ya mikono. Paipu za mafuta na za kupumulia zisibanwe wala kuguswa. Nyaya za breki ya mkono zicheze huru. Ekzosi isiwe karibu na bamba kiasi cha kulipasha joto, na kile kibati cha kiwandani cha kuzuia joto kibaki, hata kama kinakuudhi. Propela shafti (mhimili unaozunguka kupeleka nguvu nyuma) na difu (boksi la gia katikati ya ekseli) vihesabiwe vikiwa vimepanda juu kabisa, maana gari likiwa kwenye stendi difu linaning'inia na kila kitu kinaonekana kina nafasi. Lipandishe difu kwa jeki ya pili uone linafika wapi.

Donge la chapati: ukate vipande vya ukubwa wa ndimu, uvibandike chini ya tangi kwenye pembe nne na katikati, unyunyize unga mkavu juu yake visigandie bamba. Pandisha bamba, lishike kwa bolti mbili, kisha lishushe. Pima unene wa kila donge lililobonyezwa. Unataka milimita 10 hadi 20 kila mahali. Chini ya 10, bamba likipinda kidogo litagusa. Zaidi ya 20 unapoteza nafasi ya chini ya gari bure. Kwa tangi la plastiki usiridhike na kipimo cha tangi likiwa robo. Ongeza milimita chache, ukague tena likiwa limejaa.

Mafundi wengine hujaza ile nafasi kwa sponji la godoro, "bosi, lisipige kelele." Kataa kwa heshima. Sponji ndiyo ile sinia niliyoisema, tena inafyonza. Tumia vipande vya raba ngumu, vidogo, mahali bamba linaposhikana na chesi tu, na vibandikwe kwenye bamba.

Hatua ya tano: matundu na vishikizo

Matundu ya kutolea maji yawe mahali pa chini kabisa pa bamba, kipenyo cha milimita 20 hadi 25, kingo zimelainishwa kwa tupa. Moja lielekee bolti ya kumwagia mafuta ya tangi, kama lipo, na liwe pana la kupitisha soketi. Matundu marefu yafuate urefu wa gari, yasikatize upana, ili jiwe likipita lisipate pa kushika. Faida ya pili ya matundu: tangi likivuja, mafuta yanadondoka ukayaona. Bamba lisilo na matundu linaficha petroli lita nzima juu ya ekzosi.

Vishikizo vitumie matundu ambayo chesi tayari inayo. Ukilazimika kutoboa, toboa ubavuni mwa chesi, katikati ya kimo chake. Usiguse ubapa wa juu wala wa chini, kwa sababu hapo ndipo chesi inapobeba mzigo. Weka kizuizi kwenye ncha ya drili isipenye zaidi ya inavyotakiwa. Na chesi ikiwa ni boksi lenye uwazi ndani, bolti inayopita upande hadi upande inahitaji paipu fupi ya chuma ndani yake. Bila hiyo ukikaza, kuta zinabonyea na bolti haitakaza kamwe.

Gadi zingine zimebuniwa zishikane na bolti za mikanda ya tangi. Sawa, ila shikilia tangi kwa jeki na mbao kwanza, na fungua mkanda mmoja, uufunge, ndipo uende wa pili.

Vichwa vya bolti vya upande wa chini vizame ndani ya bamba au vikae kwenye kishimo. Kichwa kinachotokeza hukatwa na jiwe la kwanza. Matundu ya bamba yatobolewe milimita 11 kwa bolti ya 10, mawili ya nyuma yawe marefu kidogo ili bamba lipate kusogea chesi inapojipinda. Kila tundu jipya lipakwe zinki, likauke, ndipo bolti ipite.

Hatua ya sita: kukaza

Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la uimara, na nati zenye pete ya nailoni. Ingiza zote kwa mkono kwanza, kila moja iende mizunguko michache bila spana. Kisha kaza kwa mtindo wa msalaba. Kwa bolti kavu za 8.8: ya milimita 8 ni kama Nm 25 (Nm ni kipimo kinachosomwa kwenye spana ya mkazo), ya 10 ni kama 50, ya 12 ni kama 85. Maelezo ya gari lako au ya mtengenezaji wa gadi yakisema tofauti, fuata hayo. Ukipaka grisi kwenye uzi, nami nakushauri upake, punguza kama robo, kwa kuwa uzi ukiteleza spana ileile hukaza zaidi.

Kwa bamba la alumini kuna la ziada. Alumini na chuma vikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini huliwa. Utaona unga mweupe ukitoka kwenye matundu. Tenganisha kwa washa za nailoni na raba, na usitumie grisi ya shaba hapo, maana shaba huongeza ulaji. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinang'aa dukani, lakini zikipita kwenye alumini bila kizuizi huwa ni balaa lilelile.

Kuliendesha

Shusha gari, rudisha betri, jaza tangi, ungoje. Lala chini tena uangalie kama tangi la plastiki limelikaribia bamba. Kisha endesha polepole juu ya matuta, watu wakiwa wamekaa nyuma, na ulipandishe gurudumu moja kwenye ukingo ili chesi ijipinde. Sikiliza. Mlio wa juu unaofuata mzunguko wa injini ni bamba linalogusa ekzosi au kibati chake. Kishindo kimoja kwenye tuta ni difu au propela. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena bolti zote, kwa kuwa rangi na raba huwa zimeshajikalisha.

Mpe taarifa bima kwa maandishi kuwa gari lina gadi. Ni barua fupi, na siku ya dai hutataka mtu aseme gari lilibadilishwa kimyakimya.

Baadaye

Ukitoka ufukweni, osha chini ya gari siku hiyohiyo, na uulize pale kwa muosha magari ni maji ya wapi. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi. Kuosha chumvi kwa maji ya kisima hicho ni kuongeza tabaka. Elekeza mpira ndani ya matundu kutoka nyuma kwenda mbele mpaka maji yanayotoka yawe safi.

Ifungue gadi yote mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Sugua, kausha, paka rangi palipokwaruzika, badilisha raba zilizokufa, paka grisi bolti. Bamba likiwa limebonyea kuelekea tangi, linyooshwe likiwa mezani, lisigongwe likiwa kwenye gari. Na ukiona doa la mafuta kwenye bamba au kunusa petroli wakati gari limeegeshwa, usiliwashe kulisogeza. Lisukumeni hadi uwazini, toa betri, ndipo ufungue gadi kutafuta linakovuja.